Madaftari Yaliyobaki Kagunga

Riwaya yangu ya kwanza niliianza katika ofisi ya walimu ya shule moja ya msingi pale Katubuka, mchana, wanafunzi wakishaenda makwao. Ilimhusu mwanamke mwanaakiolojia aliyekuwa akitafuta nyundo ya dhahabu ya mfalme wa kale. Katika sura ya kwanza aliruka kutoka kwenye treni karibu na Uvinza, akabingirika kwenye majani, akainuka na mkwaruzo mmoja tu shavuni. Katika sura ya pili alishuka pangoni kwa kamba huku wanaume watatu wenye bastola wakimngoja juu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sikuwa nimewahi kumwona mwanaakiolojia, na neno lenyewe nilikuwa nimelikuta kwenye gazeti.

Nilikuwa na sababu moja tu ya kuandika. Riwaya tulizokuwa tukiazimana walimu kwa walimu, mpaka majalada yakachakaa, zilikuwa na mashujaa wanaume. Wanawake walikuwemo ili watilie watu sumu au wauawe. Nilitaka mmoja anayekimbia kwa miguu yake mwenyewe na kufika mwisho wa kitabu akiwa hai.

Ndiyo iliyokuwa miaka ambayo Warundi walivuka kwa wingi wakikimbia vita kwao. Walishukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa, hatua chache kutoka mpakani, na kutoka hapo waliletwa Kigoma mjini kwa maboti na meli kabla ya kupelekwa kambini. Mama yangu alikuwa Muha wa upande wa Kasulu na baba mtu wa Ujiji, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili barazani na Kiha jikoni. Anayejua Kiha anaelewana na Mrundi bila shida kubwa. Shule zilipofungwa walitafutwa wakalimani, nami nikaenda kukaa chini ya turubai, karibu na bandari, kando ya karani aliyekuwa akijaza fomu za wanaoingia.

Siku ya tatu au ya nne alikuja mwanamke wa makamo amembeba mama yake mgongoni, amemfunga kwa kitenge kama mtoto. Alimshusha taratibu kwenye mkeka, akanyoosha kiuno, akaja mezani. Nilimuuliza jina, kijiji na idadi ya alioambatana nao. Nilipofika kwenye kazi, alinijibu kwa Kirundi kwamba anachimba. Nikamwambia karani hivyo hivyo, naye akaandika "mkulima".

Mwanamke alikuwa akiisoma fomu kutoka upande wake wa meza, herufi zikiwa kichwa chini.

"Mimi si mkulima," akasema, safari hii kwa Kiswahili, kile cha Bujumbura. "Nachimba vitu vya zamani. Vyungu, tanuri za chuma. Naviandika na kuvichora."

Karani alinitazama kama vile mimi ndiye niliyemleta. Akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba orodha yake ya kazi ilikuwa fupi na hiyo haimo. Neno "mkulima" likabaki. Nami nikaweka kalamu chini, kwa sababu nilikuwa na sura mbili za riwaya nyumbani na mtu niliyekuwa nimemtunga alikuwa amesimama mbele yangu, miguu imevimba, akiuliza maji ya kunywa yako wapi.

Shule ilipofunguliwa niliombwa niendelee kutafsiri kambini siku za Jumamosi. Lori liliondoka mjini asubuhi, likapita Kidahwe na kuendelea na barabara ya Kasulu, na kabla ya saa sita tulikuwa tumefika. Kazi yangu ikiisha nilimtafuta yule mwanamke mchimbaji. Alikuwa amepewa turubai na miti, akajenga kibanda kilichonyooka kuliko vya majirani, kwa kuwa alikuwa amepima pembe zake kwa kamba. Mama yake alilala ndani. Yeye alikaa mlangoni akichambua maharage, na mimi nilikaa kwenye dumu lililolazwa, daftari langu magotini.

Mwanzoni sikumwambia kwamba naandika. Nilimwambia kwamba nasomesha na kwamba napenda historia, mambo yaliyokuwa kweli kiasi. Alinieleza kazi yake kwa mtiririko, kama anayefundisha. Kwa miaka tisa alikuwa msaidizi wa mtaalamu mmoja mgeni aliyekuwa akichimba kilima kimoja kwao, mahali wahunzi wa zamani walikoyeyushia chuma. Alianza kama mpishi wa kambi ya wachimbaji. Siku moja mtaalamu alimkuta amekaa kwenye ukingo wa shimo akichora tanuri kwenye karatasi ya unga, akaona mchoro ule ni sahihi kuliko wa kwake. Toka siku hiyo hakurudi jikoni.

Jumamosi ya nne nilimwambia ukweli, nikamsomea sura ya pili, ile ya pangoni. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha maharage.

"Alipoitoa hiyo nyundo," akauliza, "ilikuwa imelala upande gani?"

Nikasema sijui.

"Chini yake kulikuwa na nini?"

"Mwamba tu."

"Hakuandika? Hakupima?"

Nikamweleza kwamba wanaume watatu walikuwa juu na bastola, hakuwa na nafasi.

"Basi ameiba," akasema. "Tofauti yake na wale wa juu ni kwamba yeye ametangulia kufika."

Halafu akataka kujua dhahabu nimeitoa wapi. Wafalme wa pande hizi, alisema, kwao Burundi na hata kwetu Buha, waliheshimu chuma. Mhunzi alikuwa mtu mkubwa. Nyundo ya dhahabu ingempindikia mwenyewe siku ya kwanza. Nilirudi mjini nimeudhika kidogo, na Jumapili nikaifuta dhahabu kila mahali ilipotajwa na kuandika chuma juu yake. Riwaya ikawa nzito zaidi na, kwa namna ambayo sikuitazamia, ya kuaminika zaidi.

Siku nyingine nilimuuliza kama aliwahi kupata kitu kikubwa. Nilitegemea aniambie taji au fuvu. Akasema kitu kikubwa ni madaftari matano.

Vita vilipokaribia, mtaalamu aliitwa kwao kwa haraka. Vigae vya vyungu na mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyushia, yaliyokuwa yamekusanywa yaliachwa stoo, na stoo ikachomwa. Kilichobaki ni madaftari matano ambamo kila shimo lilikuwa limechorwa, kila kitu kimepimwa kina chake. Mtaalamu alimkabidhi yeye. Aliyafunga kwa nailoni, akayatia kwenye mfuko na nguo, akatembea nao siku sita pamoja na mama yake mgongoni. Walifika Kagunga wakalala siku kumi chini ya paa la nyumba ya mwanamke mmoja mwanika dagaa, nyumba ya mwisho kabla ya uwanja wa kuanikia, yenye mlango wa buluu. Siku ya kupakiwa botini waliambiwa watu kwanza, mizigo itafuata. Mama yake hakuweza kusimama. Yeye angeweza kupanda na kimoja tu, mama au mfuko.

"Nilimwachia yule mama mfuko," akasema. "Nikamwambia nitamtuma mtu aufuate."

Alieleza hayo kwa sauti ile ile aliyonielezea namna ya kunyoosha kamba ya shimo. Hakuniomba chochote. Mimi nilikuwa nikiandika haraka, na naomba nieleweke: sikuwa nikiandika ili nimsaidie. Nilikuwa nikiandika yale ya mama mgongoni na mfuko uliobaki, kwa sababu niliona papo hapo kwamba ni sura nzuri.

Miezi miwili baadaye walitakiwa wakalimani wawili waende Kagunga na watu wa afya, kwa siku mbili. Nikajiandikisha. Nilimpelekea salamu kambini kupitia dereva wa lori, na salamu zikarudi: niuangalie mlango wa buluu, na nisilazimishe mtu.

Kagunga hakuna barabara. Tulikwenda kwa boti la abiria kutoka Kibirizi, tukiambaa pwani kuelekea kaskazini, tukafika adhuhuri. Siku ya kwanza nilishinda nikiuliza watu wangapi wanaharisha na tangu lini. Siku ya pili asubuhi nilinunua maandazi mawili kwa mama aliyekuwa akikaanga karibu na ufuko. Nilikula la kwanza nikitazama ziwa. Nilipofika la pili niliona kwamba karatasi iliyolibeba ilikuwa na mchoro wa penseli: duara, mistari miwili inayokatana katikati, tarakimu pembeni, maneno ya Kifaransa kwa herufi ndogo zilizonyooka. Mafuta yalikuwa yamepenya, kwa hiyo mchoro wa upande wa pili ulionekana pia, kama vile tanuri moja imejengwa juu ya nyingine.

Nilimsalimu upya yule mama kwa Kiha, nikamuuliza karatasi amepata wapi. Akasema kwa jirani yake, pale penye mlango wa buluu. Zilikuwa nzuri, alisema, nene, hazichaniki.

Mwenye nyumba alikuwa akigeuza dagaa kwa reki. Nilipomweleza nimetumwa na nani, aliacha kazi, akanawa mikono, akanikaribisha ndani, na akanieleza mambo moja baada ya jingine kama mtu aliyekuwa ameyapanga siku nyingi. Mfuko aliutunza miezi mitatu. Kisha alikuja mwanamke mwingine, amejifungua njiani, hana hata kanga ya kumfunikia mtoto. Akaufungua mfuko, akampa nguo zote. Ndipo alipoyaona madaftari.

"Niliyafungua, karibu yote yameandikwa," akasema. "Daftari likishaandikwa lote ni la nini tena? Jirani akaomba karatasi, nikampa matatu. Ningejua ni kazi ya mtu, wallahi nisingempa."

Mawili yalikuwa yamebaki kwa sababu binti yake wa darasa la tatu alipenda picha zilizomo, na kurasa chache za mwisho zilikuwa tupu. Yalitolewa chini ya kitanda. Kwenye kurasa zile tupu kulikuwa na hesabu za kugawanya, nyingi zimekosewa. Sikusahihisha, ingawa mkono uliniwasha. Nilimwachia binti madaftari mawili mapya niliyokuwa nayo, na mama wa maandazi alinipa karatasi saba alizokuwa hajazitumia. Hakuna aliyenitaka radhi wala niliyemtaka radhi. Sikuona nani wa kulaumiwa pale, na hadi leo sioni.

Boti la kurudi lilijaa. Kulikuwa na magunia ya dagaa, madumu ya mawese, watu kwenye kingo. Nilikuwa nimeyafunga madaftari na zile karatasi kwa nailoni na kuyakaza tumboni chini ya kanga, kwa sababu tu sikutaka yalowe. Mfuko wangu niliushika mkononi. Ndani yake mlikuwa na nguo, viatu, na daftari la pili la riwaya yangu, sura ya tano mpaka ya tisa, ambazo nilikuwa nimetegemea kuzirekebisha njiani.

Tulipokipita kijiji cha Mwamgongo injini ilizimika. Upepo ulikuwa umeanza kuinuka na mawimbi yalitupiga ubavuni. Nahodha alihangaika na kamba ya kuwashia, halafu akatugeukia, akasema kwa utulivu kwamba mizigo itupwe, akianza na magunia yake mwenyewe. Watu walitupa. Mzee mmoja alikataa kuachia dumu lake la mawese hadi mkewe alipomnyang'anya. Nahodha aliponifikia alinyoosha mkono, nami nikampa nilichokuwa nimekishika. Mfuko ulielea kidogo, ukajaa maji, ukazama.

Nimewahi kusimulia kisa hiki watu wakadhani nilichagua. Sikuchagua. Mfuko ulikuwa mkononi na madaftari yalikuwa yamefungwa kiunoni, basi. Mwanamke wa riwaya yangu angekuwa ameruka majini na kuirekebisha injini kwa pini ya nywele. Mimi nilitapika, nikashika ukingo, nikasoma dua niliyofundishwa na baba. Injini ikawaka. Tulifika Kibirizi jua likiwa bado juu, nikatembea mchangani bila viatu, na mtu wa kwanza aliyeniona aliniuliza kama mimi ni mkimbizi.

Jumamosi nilipofika kambini nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Mama yake alikuwa amezikwa Jumatano. Nilimpa pole, nikakaa nao kitambo, na niliona si wakati wake. Lakini yeye mwenyewe aliniuliza kama niliufikia mlango wa buluu. Nikampa madaftari mawili na zile karatasi saba.

Aliyaweka magotini bila kuyafungua. Kisha akafungua moja katikati, akaweka kidole, akasema, "Shimo la tatu. Mvua ilitukuta hapa."

Akauliza hayo mengine. Nikamwambia yamefungia maandazi.

Akalifunga lile daftari. Wanawake wengine hawakuwa wakifuata tunachosema.

"Uliyala?"

"Nilikula mawili."

"Yalikuwa matamu?"

Nikasema ndiyo, kwa kuwa yalikuwa matamu. Akacheka. Alicheka hadi akajifunika uso kwa upande wa kitenge, na wale wanawake wakatutazama kwa mshangao, maana hapakuwa mahali pa kucheka, na baadaye sikuweza kujua ni wakati gani kicheko kilikuwa kimegeuka kilio.

Zile sura zilizozama ilibidi niziandike upya, na nyingi niliziandika palepale kambini, yeye akiwa kando. Mwanaakiolojia wangu akajifunza kuchunga udongo kwenye chekeche. Nikamwandikia sura nzima ambamo kwa siku nne hafanyi kitu isipokuwa kupangusa ardhi kwa brashi, huku maadui wakikaribia. Ndiyo sura niliyojivunia kuliko zote. Yule mwanamke alinirekebisha vitu vidogo: kwamba anayechimba hachoki mikono, huchoka magoti, kwamba harufu ya tanuri ya zamani ukiilowesha ni kama ya mvua inayoanza. Hayo yote niliyatia.

Halafu nilimsomea sura ya kumi na moja. Humo shujaa wangu anafika ufukweni akikimbia, mama yake mgongoni na nyundo mkononi, na boti lina nafasi ya kimoja. Nilikuwa nimeiandika vizuri, najua. Nilisoma nikisikia uzuri wake.

Nilipomaliza alikuwa ameacha kila alichokuwa akifanya.

"Mwalimu," akasema, "mimi unaweza kunichukua. Magoti yangu, brashi, chukua. Mama yangu usimwandike."

Nikajaribu kusema kwamba si yeye, ni mtu wa kubuni, na kwamba msomaji hatajua.

"Mimi nitajua."

Niliichana sura ile mbele yake. Ningependa kusema niliichana kwa moyo mmoja, lakini nakumbuka nikihesabu kurasa, na nakumbuka kwamba njiani, lori lilipokuwa linapita Kidahwe, nilianza kuitunga tena kichwani ili nione kama bado naikumbuka. Naikumbuka mpaka sasa. Sijaiandika tena. Haya niliyoyaeleza hapa kuhusu mama yake nimeyaeleza kwa ruhusa aliyonipa baadaye sana, kwa maandishi, na ameniwekea mipaka ambayo nimeifuata.

Riwaya ilichapishwa Dar es Salaam baada ya miaka miwili, kitabu chembamba cha karatasi hafifu. Mhariri aliniandikia barua ya heshima kwamba wasomaji wanapenda mwendo, kwa hiyo sura ya brashi ameiondoa. Kwenye jalada walichora msichana mwenye bunduki akiinua nyundo, nayo nyundo ilikuwa ya dhahabu, inang'aa. Walimu wenzangu walikisoma kwa zamu. Mkuu wa shule alisema hakujua kwamba nina mambo hayo, na hakusema ni mambo gani.

Nilimpelekea nakala kambini. Alitazama jalada kwa muda mrefu, akageuza kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akasema amefurahi kwamba msichana yule hakufa. Aliniomba nakala ya pili kwa ajili ya jirani.

Watu walipoanza kurudishwa kwao, naye alijiandikisha. Nilikwenda bandarini kumuaga. Alikuwa amebeba mzigo mdogo kichwani na madaftari yamekazwa tumboni chini ya kitenge. Tulishikana mikono. Akaniambia nisome zaidi kabla ya kuandika kingine, nami nikamwambia nitafanya hivyo, na kweli nilifanya, ingawa vitabu vyangu vilivyofuata vilikuwa vya walimu, wauza mawese na wanawake wa Ujiji wanaogombea kiwanja, na havikununuliwa sana kama kile cha kwanza.

Barua yake ilinifikia nikiwa nimeshahamia shule nyingine. Aliandika kwamba madaftari mawili na zile karatasi saba vilinakiliwa kwa mashine katika chuo kikuu kimoja huko kwao, na kwamba kwa kufuata vipimo vyake wameweza kuiona tena mipaka ya mashimo ya zamani, ingawa watu walikuwa wameshapanda mihogo juu. Walimlipa mwenye shamba mihogo yake, wakaanza tena, yeye na wanafunzi wawili wa kike. Mvua zilichelewa msimu ule, aliandika, na wakulima walikuwa na wasiwasi, lakini kuta za shimo zilisimama vizuri na walikuwa wameshafika kina cha magoti.